Kamba ya Kondoo na Kamba ya Mbuzi

Askofu hakuwahi kufika hata Arusha, lakini alijua nia ya kila rais duniani. Alijua nani ananoa upanga, nani anajifanya mgonjwa, nani ameahidiana na nani chini ya meza. Ukimwuliza amejuaje, aliinua kidole kimoja juu mbinguni, halafu kwa kidole hichohicho akaonyesha redio yake. Sikuwahi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili alichokitegemea zaidi.

Tulikuwa majirani hapa Ruiru kwa miaka mingi, yeye na kanisa lake la mabati upande ule wa ukuta, mimi na cherehani yangu upande huu. Nashona nyumbani. Mke wangu Nyambura husema safari yangu ndefu ya wiki ni kutoka kwenye cherehani hadi kwenye pasi, na hata hiyo huwa napumzika katikati. Shule niliimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu mama aliyakunja akayaficha ndani ya Biblia, kwenye vitabu vile ambavyo watu hawavifungui sana. Jiografia ndiyo iliyomwumiza zaidi. Na ni mimi huyohuyo niliyemshonea Askofu dunia nzima.

Ndani ya kanisa, kutoka madhabahuni hadi mlangoni, Askofu alikuwa amefunga kamba mbili chini ya mabati. Ya kulia ilikuwa ya kondoo, ya kushoto ya mbuzi, kwa sababu imeandikwa kwamba mataifa yatakusanywa na kutengwa, haya huku na haya kule. Kila taifa lilikuwa na bendera yake, na kila bendera ilipita mikononi mwangu. Jumapili ya kwanza ya mwezi iliitwa Jumapili ya Mataifa. Kondoo waliombewa, mbuzi walikemewa. Na katikati ya mwezi, redio ikisema mambo yamegeuka huko ng'ambo, Askofu alipanda ngazi akiwa na vibanio vya nguo mdomoni, akahamisha bendera kutoka kamba hii hadi ile. Watu wa mitaa mingine walinunua gazeti. Sisi tulichungulia kanisani kuona nani amehama.

Amerika ilihamahama hadi pindo likachanika, nikalishona upya kwa uzi maradufu. Urusi ilianza kwa mbuzi, ikaenda kwa kondoo aliposikia rais wao amekataza mambo fulani, ikarudi kwa mbuzi ngano ilipopanda bei. Uchina ilikuwa mbuzi wa kudumu, isipokuwa wakati ule barabara kuu ya Thika ilipokuwa ikijengwa na Wachina. Hapo aliipeleka kwa kondoo "kwa muda," akisema hata Koreshi, yule mfalme wa kwenye Biblia, hakuwa mtu wa kanisa lakini alitumiwa na Mungu. Israeli haikushuka hata siku moja. Niliishona kwa kitambaa kizuri kuliko zote, na siku aliyogundua nyota yangu ina ncha tano alikaa kimya sana, mpaka nikatamani angenipigia kelele.

"Fundi," alisema mwishowe, "hii ni nyota iliyochorwa kwa redio. Ya Daudi ina ncha sita."

Swali la Kenya liliulizwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa Mama Halima. Mama Halima alipika chapati na madondo, yale maharagwe ya mchuzi, nje ya lango la kanisa, upande wa kushoto ukiingia, kwenye kibanda cha mbao na turubai. Alizaliwa Majengo, pale Thika. Alikuwa Mwislamu, na Kikuyu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akitukana kwa Kikuyu, wazee wa kanisa walikuwa wakiinua kofia. Wakati wa swala alitandika mkeka wake hapohapo kando ya jiko, akaswali, akaukunja, akageuza chapati kabla haijaungua. Hakuna aliyeona ni kitu cha kuzungumzia.

"Askofu," alimwuliza siku moja akisukuma donge, "na sisi Kenya tuko kamba gani?"

"Sisi hatuko kwa kamba, Mama Halima."

"Kwa nini?"

"Sisi ndio tunaotenga."

"Ai! Kazi nzuri hiyo. Mshahara unalipwa na nani?"

Askofu alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na hilo halisemwi siku hizi na waliomkasirikia. Alicheka kwa mabega, bila sauti, kama mtu anayekohoa kanisani.

Sasa kula kwake. Askofu alikuwa mjane, na mlo wake wa mchana ulikuwa kwa Mama Halima kila siku isipokuwa siku za kufunga, ambazo alizitangaza sana na kuzifupisha kimyakimya. Alipenda chapati iliyoungua kidogo. Mama Halima alimwekea, wengine wakiambiwa imeharibika. Alianza kula ukingoni, akizunguka, akiacha katikati mwisho, pale palipo laini. Lakini kabla ya yote aliomba. Alifumba macho, akabariki chakula, akabariki mpishi, halafu akatoka nje ya nchi. Alipita Sudani, akapanda Misri, akavuka bahari, akawatembelea wakubwa wa dunia mmoja mmoja ofisini kwao. Wateja wengine walishikilia vijiko hewani kwa heshima. Ilikuwa lazima Mama Halima amrudishe nyumbani.

"Askofu, dunia itangoja. Chapati inapoa."

"Amina," alisema Askofu, na dunia ikaachwa hapo ilipofika.

Alikuwa na misemo yake. Jambo lolote lililomshangaza, kutoka vita hadi bei ya sukari, alisema, "Hiyo iko kwa Kitabu." Jambo lolote ambalo hakutaka kulieleza alisema, "Mataifa yanasonga." Nilimwuliza mara moja kwa nini amenunua kipaza sauti cha Uchina na ilhali Uchina iko kwa mbuzi. Akakigonga kwa kidole, kikalia vizuri, akasema mataifa yanasonga.

Usifikiri alikuwa mtu mbaya. Pikapu yake nyeupe ilipeleka wagonjwa wa mtaa huu hospitali kuliko gari lolote, na hakuuliza mtu anasali wapi kabla ya kupiga stati. Mafuta yalipommwagikia Mama Halima mguuni, Askofu ndiye aliyembeba hadi Thika. Alikaa naye kwenye benchi kutwa nzima, akimshikia beseni na akiwaeleza wagonjwa wengine kuhusu Uturuki. Mama Halima alituambia baadaye kwamba mguu ulipona haraka kwa sababu alitaka kutoka pale.

Na Jumapili iliyofuata, Askofu yuleyule alisimama akakemea uzao wa Hajiri, akimaanisha Waislamu, kwa kipaza sauti, vioo vya nyumba yangu vikatetemeka. Kisha akavua joho, akaenda kula.

"Leo umenikemea vizuri," Mama Halima alimwambia. "Nilisikia mpaka huku."

"Si wewe, Mama Halima. Nilikuwa nakemea roho."

"Basi hiyo roho ndiyo imekupikia. Karibu."

Nilikuwa pale nikingoja chapati za nyumbani, kwa hivyo sikuambiwa na mtu. Walicheka wote wawili. Nami nikacheka. Ulikuwa mchezo wao, na sisi wengine tuliamini kwamba kitu kinachochekewa hakiwezi kumwumiza mtu.

Kuna kisa cha Uholanzi, ambacho wazee wa kanisa hawapendi kikumbushwe. Bendera ya Urusi ilikuwa imefifia na Askofu akataka mpya ya kukemea. Akanichorea kwenye karatasi tupu ya unga: nyekundu juu, nyeupe katikati, buluu chini. Nikashona nilichochorewa. Mimi na Jiografia yangu nani angeniuliza? Bendera ikapandishwa kamba ya mbuzi na kanisa likaikemea kwa nguvu, wakiitaka ikauke mizizi, masoko yake yafungwe, wafalme wake wakose usingizi. Sasa, nusu ya akina mama wa kanisa walikuwa wakifanya kazi kwenye shamba la maua, kule ng'ambo ya Juja, na maua yale yote yanakwenda Uholanzi. Mwezi ule maua yakakosa bei, akina mama wakarudishwa nyumbani wangoje. Siku moja binti wa mmojawao aliyekuwa chuoni aliingia kanisani, akainua macho, akauliza kwa sauti, "Mbona mnaombea Uholanzi vibaya hivyo?"

Kanisa lote likainua macho. Askofu akaitazama bendera, akaitazama ile karatasi ya unga, akanitazama mimi ambaye nilikuwa nimeletwa na Nyambura siku hiyo kwa nguvu.

"Hiyo iko kwa Kitabu," akasema. Lakini alipanda ngazi yake mwenyewe akaitoa, na Jumapili tatu mfululizo kanisa lilifunga likiiombea Uholanzi. Maua yalirudi. Askofu alilihesabu hilo kama ushindi, na sijui, labda lilikuwa. Bendera yenyewe ni foronya yetu hadi leo.

Mchezo ungeendelea hivyo kama siasa haikuupenda. Kulikuwa na chama kipya kikizunguka nchi, kikisema taifa limetekwa na lirudishwe kwa wenyewe. Kikisema ofisi zote zishikwe na waliookoka, sheria zitoke kwenye Kitabu, na kila mtaa ujulikane ni wa nani. Kiongozi wa chama eneo letu tulimwita Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa na gari la namna hiyo. Mheshimiwa alisikia habari za Askofu wa Ruiru mwenye kamba mbili. Akaja Jumapili ya Mataifa na watu wa kamera, akaketi mbele, akapiga picha akikemea Uchina kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na simu kutoka hukohuko. Baada ya ibada akamnong'oneza Askofu kwamba tikiti ya ubunge inatafuta mtu.

Sikuwa nimewahi kumwona Askofu akiwa na njaa ya kitu kisicholiwa. Alianza kunyoosha shati. Alianza kusema "watu wangu" akimaanisha watu ambao hakuwa akiwajua. Vijana wa kanisa wakageuzwa kuwa Walinzi wa Lango, nami nikawashonea vitambaa vya mkononi, rangi ya zambarau, na nikasifiwa kwa pindo. Wakawa wanapita nyumba kwa nyumba na chaki. Kwa kondoo waliweka msalaba langoni. Kwa mbuzi waliweka duara.

Walifika kwangu.

"Fundi, unasali wapi?" kiongozi wao aliniuliza. Nilikuwa nimemshonea nguo ya komunyo akiwa hajui kupangusa kamasi.

"Nasali hapahapa kwa cherehani."

"Hiyo si kanisa."

"Na mke wangu anasali kwa Askofu. Lango ni moja. Mtafanyaje?"

Wakashauriana, wakaweka vyote viwili, msalaba ndani ya duara. Nikacheka sana. Nilimwita Nyambura aje aone jinsi ndoa yetu imechorwa. Nyambura alitoka akikausha mikono, akaona, akasimama. Yeye hakulelewa hapa. Alilelewa Bonde la Ufa, na wazazi wake walifukuzwa kule kwa sababu ya kabila lao, wakafika huku Ngoliba na godoro moja tu. Alirudi ndani akaleta kitambaa chenye maji akafuta, akafuta mpaka rangi ya lango ikaanza kutoka. Halafu akavuka njia, akafuta lango la jirani, na la yule mwingine.

"Ni chaki tu, Mama," kijana alisema.

"Najua ni chaki," Nyambura akamjibu. "Huwa ni chaki kwanza."

Kanisani hakurudi tena.

Mheshimiwa alipokuja mara ya pili, alikula kwa Mama Halima. Alikula vizuri, akaomba aongezewe, akajipangusa mdomo. Kisha akamwona Mama Halima akitandika mkeka kando ya jiko.

"Huyu ni wa wapi?" akamwuliza Askofu.

"Wa hapa. Wa Thika."

"Namaanisha ni wa wapi."

Askofu akainamia sahani yake.

"Picha haitakaa vizuri," Mheshimiwa akasema akitafuta funguo. "Mgombea wetu, langoni pake, unaelewa. Lakini mimi siingilii. Wewe ndiye unayetenga."

Wiki iliyofuata Askofu alitangaza kwamba mbuzi wamezidi. Kamba ya ndani imelemewa, na taifa zima lapaswa kuona hukumu ikiwa nje, peupe. Kutasimamishwa mti wa bendera za mbuzi langoni. Na kwa kuwa mbuzi wako kushoto, mti utakuwa kushoto. Na kushoto kwa lango, kila mtu alijua, palikuwa na jiko.

Alikwenda kumwambia mwenyewe. Hilo nampa. Mchana, watu wakila, akiwa ameshika redio kama mtu aliyeshika mtoto.

"Mama Halima, kuna mti unakuja."

"Nimesikia kwa kipaza sauti."

"Unahitaji mahali."

"Kwa hivyo nafukuzwa."

"Hapana! Nani amesema kufukuzwa? Hakuna aliyekufukuza. Ni mti tu unataka mahali."

"Na mahali pa mti ndipo nimesimama miaka yote hii. Pole kwa mti."

Watu wakacheka, kwa mazoea. Yeye hakucheka. Aliweka chini kile kijiti cha kusukumia.

"Sema tu, Askofu. Mguu wangu uliushika. Sema kwa mdomo wako kwamba nitoke, nami nitatoka."

Askofu akaitazama redio. Redio ilikuwa imezimwa.

"Mataifa yanasonga, Mama Halima," akasema.

"Mimi si taifa," akamwambia. "Mimi ni Halima."

Nilikuwa na chapati mkononi na nikajifanya naitafuna kwa muda mrefu kuliko chapati inavyohitaji.

Siku ya kuhama, Askofu alileta pikapu. Alibeba jiko kwa mikono yake, akafunga mbao kwa kamba, akatandika gunia kwenye kiti cha mbele asije akachafuka. Mama Halima alitazama kile kiti. Akazunguka, akapanda nyuma, akaketi katikati ya sufuria na mkeka wake, mgongo kwa dereva. Hivyo ndivyo alivyokwenda Thika, Askofu akiendesha polepole kama anabeba mayai, wote wawili wakitazama pande tofauti za barabara.

Mti ukasimamishwa. Ulikuwa mzuri. Upepo ukivuma, mbuzi wote walipepea.

Uzuri huo haukudumu. Haukupita muda mrefu, mkuu wa chama kitaifa, yule aliyekuwa akisema nchi imetekwa, alisalimiana na serikali hadharani, wakacheka na meno yote. Juma lililofuata alikuwa ndani ya ndege kuelekea Ghuba, kwa nchi moja yenye utajiri wa mafuta, ambayo bendera yake ilikuwa juu kabisa ya mti wetu. Redio ilisema wamekuwa marafiki wa kudumu. Askofu aliisikiliza amesimama.

Mheshimiwa akapiga simu. Wageni kutoka Ghuba watachimba visima, na cha kwanza kitazinduliwa Ruiru, kwenye kiwanja cha kanisa, kama ishara. Bendera yao ishuke leo. Ipande kwa kondoo. Na ipigwe pasi.

Nilipiga pasi mimi.

"Na jambo lingine," Mheshimiwa akasema. "Wanapenda kuona Waislamu wa hapo wanaishi vizuri. Mnao?"

Walituma gari Majengo. Dereva alirudi peke yake. Alisema Mama Halima amewashukuru sana kwa heshima, lakini ameshakanda unga.

Wageni walifika, watu wapole, viatu vyao vikimezwa na matope yetu bila wao kulalamika. Katikati ya hotuba ya Mheshimiwa mmoja wao akauliza kwa adabu wataswali wapi, na kibla kiko upande gani. Kila mtu akamgeukia Askofu. Ofisini kwake kulikuwa na ramani ya dunia iliyojaa pini. Alikuwa amekemea mji mmoja mmoja kwa jina. Lakini hakuna aliyewahi kumwuliza kutoka hapa ni upande gani, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Mama Halima alikuwa akiangalia wapi?" mzee mmoja wa kanisa akanong'ona.

"Kwa shule."

"Shule gani? Alikuwa akiangalia kwa kinyozi."

"Mimi nakula hapo kila siku! Ni kwa kinyozi, lakini kidogo kwa pembe, pale kwa kile kioo."

Kanisa zima likaanza kukumbuka. Wakasogea, wakapima kwa mikono, mwingine akachuchumaa kabisa kuonyesha alivyokuwa akiketi. Wageni wakatoa simu zao na kuangalia. Ilikuwa kwa kinyozi, kidogo kwa pembe. Mahali penyewe alipokuwa akitandika palikuwa na mti, kwa hivyo wageni waliswali kando yake, chini ya mbuzi waliobaki, na kinyozi akazima muziki.

Askofu alisimama akiwa amevua kofia. Nilikuwa nyuma yake. Aliangalia mti ule, si watu.

Tikiti ya ubunge alipewa mtu mwenye vituo vya petroli. Mheshimiwa alieleza kwamba hali ya dunia imebadilika. Kisima kilitoa maji ya chumvi. Walinzi wa Lango waliomba kazi kwenye chama kingine, wakiwa na vitambaa vyangu vilevile, wamevigeuza upande wa ndani. Kanisa likapungua mpaka kipaza sauti kikawa hakina kazi. Siku moja Askofu aliniletea dunia yote ndani ya magunia mawili.

"Fumua," akasema. "Shona chochote."

"Nishone nini?"

"Kitu cha kutumika."

Huo ndio uliokuwa mwisho wetu wa kuonana kwa muda, kwa sababu alifunga lango, na mimi, mnajua, sitoki.

Juzi cherehani ilinitoa. Kikasha cha bobini, kile cha kushikia uzi wa chini, kilivunjika na Ruiru nzima hakuna, ikabidi niende Thika. Nikiwa napita Majengo nikitafuta njia ya kurudi, nilimwona Askofu amesimama kwenye kivuli cha banda la kutengeneza simu. Alikuwa amekonda. Redio hakuwa nayo, na mikono yake haikujua pa kukaa.

"Fundi!" akasema. "Umetoka nyumbani?"

"Nimetoka, Askofu."

"Mpaka Thika?"

"Mpaka Thika."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo iko kwa Kitabu."

Ng'ambo ya njia palikuwa na mkahawa mdogo, mlango wa buluu, na harufu ambayo sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Ingia uninunulie mbili," akasema bila kunitazama. "Na madondo. Za kubeba. Usiseme ni zangu. Sema ni za mgonjwa."

Nikaingia. Kwanza sikuelewa nilichokiona. Meza zilikuwa zimejaa watu wa kanisa. Mzee aliyechuchumaa siku ile ya kinyozi alikuwa hapo, na wale akina mama wa maua. Kiongozi wa Walinzi wa Lango alikuwa pembeni, kichwa kikiwa karibu kuingia kwenye sahani. Kila mmoja bila shaka alikuwa ameaga nyumbani kwamba anakwenda Thika kununua viatu.

Mama Halima alikuwa jikoni, mgongo kwetu. Aligeuka akaniona.

"Haya, nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe. Nataka mbili na madondo, za kubeba. Ni za mgonjwa."

Alinitazama. Akatazama mlango. Mkono wake ukaenda kwenye rundo la chapati, ukaruka zile nzuri za juu, ukachomoa mbili zilizoungua kidogo. Akaziweka kwenye sahani.

"Mwambie mgonjwa sifungi. Karatasi zimeisha."

Karatasi zilikuwa rundo zima kando ya kiwiko chake.

Nikatoka nikamwambia Askofu.

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Ana hasira?"

"Askofu, wewe ndiye unayejua nia za marais. Mimi ni fundi."

Akavuka njia. Alipofika mlangoni kijiko kimoja kikaanguka. Alisimama pale, kofia mikononi, akitazama meza za huku na za kule. Namjua. Alikuwa akitafuta kulia na kushoto kutoka pale aliposimama, na mbele ya Mama Halima havikukubali kutengana.

"Nikae upande gani?" akauliza.

"Kaa penye nafasi," Mama Halima akasema bila kugeuka.

Nafasi ilikuwa moja, karibu na ukuta, kando ya mkeka uliokunjwa. Akaketi akijibana asiuguse. Sahani ikaletwa. Akafumba macho. Na kwa mazoea, sote tukashikilia vijiko hewani, tukingoja apite Sudani, apande Misri, avuke bahari.

Safari hii hakwenda popote. Alikaa amefumba macho tu. Mvuke ukapungua, ukaisha. Nilimtazama Mama Halima, nikingoja aseme dunia itangoja. Alikuwa akikanda.

Askofu akafungua macho.

"Ule mti nimeung'oa," akasema. "Nimeung'oa mwenyewe, na shimo nimelifukia. Pale langoni pako wazi."

"Nimesikia."

"Unaweza kurudi."

"Naweza," Mama Halima akasema. Akachukua donge lingine, akalisukuma mpaka likawa duara, akaliweka kwenye kikaango na kulitazama. Hakurudi kwenye neno lile. "Kula, Askofu. Hiyo imeshapoa."

Akaila hivyohivyo, baridi, akianza ukingoni na kuzunguka, mpaka akafika katikati.